Cheti Kisicho na Tarehe ya Mwisho

Mganga mfawidhi aliniomba niandike kurasa chache kwa ajili yenu mnaobaki kwenye kliniki ya Alhamisi, kabla sijasahau. Alisema niandike mafanikio. Mafanikio yako kwenye faili, faili liko kabatini, na mwenye hamu nalo ajue kwamba kitasa cha kabati lile hufunguka kwa kupigwa kiganja upande wa kushoto. Mimi nitaandika yale ambayo hayakuingia kwenye faili. Vyeo nilivyopewa na nilivyonyimwa naviacha, maana havijawahi kumshusha mtu presha.

Ninyi mnaniita Mama Neema. Wagonjwa wananiita nesi, na jina langu ni Veronika. Nilizaliwa Ushetu, kwenye nyumba ya wakulima wa tumbaku, na mpaka leo nikisikia harufu ya bani la kukaushia tumbaku nakumbuka kuamshwa kwenda kuchochea moto. Labda ndiyo maana sikupata shida ya kuamka mapema kazini. Shida yangu ilikuwa nyingine: nilikuwa mwepesi wa kutoa amri. Mlionifahamu mnacheka hapo, lakini subirini.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati ndogo jirani na Isaka. Siku ya kwanza nilifika na sanduku la bati na viatu vyeupe vipya, na kabla ya saa nne viatu vilikuwa na rangi ya vumbi la malori. Tabibu aliyekuwepo aliitwa Mzee Rajabu, mtu wa Ujiji, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mashine ya kupimia presha ilikuwa moja, na mpira wake ulipasuliwa na joto ukazibwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ilipima sawasawa. Nimekuja kufanya kazi na mashine mpya zinazowaka taa ambazo sikuziamini hivyo.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyepakua magunia kwenye mabehewa tangu ujana wake. Nikamuuliza anaumwa nini. Akasema haumwi, amekuja kwa sababu mke wake amemfukuza nyumbani aje apimwe. Nikampima, presha iko juu sana, nikaanza kumpa mahubiri ya chumvi. Mzee Rajabu akaja, akavuta kigoda, akamwuliza: jana, tangu ulipoamka, ulifanya nini? Yule mzee aliongea karibu nusu saa. Tukajua kwamba anapata kizunguzungu akipanda behewa, kwamba wenzake wanamfichia, kwamba dawa alizopewa mwanzo alimgawia shemeji yake. Alipoondoka, Mzee Rajabu aliniambia ugonjwa wa kudumu haukai kwenye mkono unaoufunga kitambaa, unakaa kwenye siku nzima ya mtu. Nikaliandika lile swali lake nyuma ya daftari langu. Jana ulifanya nini? Madaftari ya namna hiyo nimemaliza mengi, na kila jipya nililianza kwa kulinakili swali hilo kwenye jalada la nyuma.

Nawaambia haya ili mjue kwamba nilikuwa nimefundishwa. Kosa nililolifanya baadaye sikulifanya kwa kutojua.

Baada ya Isaka nilizunguka vituo viwili vitatu, kisha nikaletwa hapa kwetu, na Alhamisi ikawa siku ya wazee wa presha na sukari. Mnaijua siku hiyo. Wanafika alfajiri na kadi zao zimefungwa ndani ya mifuko ya plastiki, wanasalimiana kuanzia mlangoni mpaka mwisho wa benchi, na kabla hujampima wa kwanza wameshajua nani ameozesha binti na nani amezikwa. Vifaa vyangu vilikuwa vitatu visivyotolewa na bohari: kurunzi, kioo kidogo cha kujipodolea, na kigoda kifupi. Kioo ni cha kukagulia nyayo. Mzee hawezi kuinua mguu wake akauona chini, na binti yake ataona haya kumshika. Weka kioo sakafuni, mwache ajione mwenyewe. Kagueni miguu, jamani. Mimi nimeshawahi kutoa msumari kwenye wayo wa mtu aliyetembea nao siku nne akidhani ni kokoto ndani ya katambuga zake za tairi.

Ndivyo nilivyokutana na mguu wa Mama Kulwa.

Mama Kulwa alikuwa kwenye kliniki yangu kwa miaka kadhaa, mwenye sukari, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyelima, na hakuchelewa hata mara moja. Kijiji chake kiko mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka kituoni. Alikuwa mjane, na wanawe pacha walikuwa mmoja Mwanza na mwingine, Kulwa, machimboni Geita. Pale kijijini kazi yake iliyojulikana ilikuwa moja: yeye ndiye aliyeshika mwiko misibani.

Wageni wa huku niwaeleze. Vijiji vyetu vina kikundi cha kuzikana, na kikundi hicho hakina mzaha. Mtu akifa, filimbi inapigwa. Kila kaya inatoa ndoo ya maji, mzigo wa kuni na unga. Wanaume wanachimba, wanawake wanapika. Siku ya tatu, watu wakiwa wamekaa, katibu anafungua daftari na kusoma majina yote, moja moja, na kila anayetajwa anaitikia kwamba yupo. Asiyeitikia anatozwa faini, na akizidisha kutoonekana anaachwa na msiba wake mwenyewe. Kupika ugali wa watu mia mbili siyo kazi ya kila mtu, na Mama Kulwa alikuwa ameifanya tangu nikiwa shuleni.

Alhamisi moja alikuja akiwa amefunga mguu wa kulia kwa kitenge. Kaa la moto lilimwangukia juu ya mguu akiwa anasonga ugali, na yeye hakusikia chochote, kwa sababu sukari ilikuwa imeshamla hisia za miguu. Alisema alisikia harufu ya nyama, akadhani wamekwishachinja, akauliza mbona mapema. Wenzake walicheka wakati anasimulia, naye akacheka. Mimi nilipofungua kile kitenge sikucheka.

Nilimsafisha, nikampa dawa, nikampangia kuja kufunga kidonda kila baada ya siku mbili. Akaniomba karatasi ya kumwonyesha mwenyekiti wa kikundi, Mzee Mabula, ili asitozwe faini kama filimbi itapigwa ndani ya wiki mbili zile. Aliniomba wiki mbili. Nakumbuka vizuri, kwa sababu alizionyesha kwa vidole.

Nikachukua karatasi na kuandika kwamba mgonjwa huyu apumzishwe shughuli zote za jamii kwa sababu ya maradhi ya kudumu. Nikapiga muhuri mara mbili, maana wa kwanza ulitoka hafifu. Tarehe ya kuanza niliiandika. Tarehe ya kumalizika sikuiandika. Nilijiambia moyoni kwamba mama huyu ametumika vya kutosha, na kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza kumwonea huruma. Yeye hasomi. Alikunja karatasi, akaipitisha kwenye ncha ya kanga, akanishukuru kwa Kisukuma, wabeja sana, akaenda.

Mguu ulipona. Ulipona vizuri mno, nikawa nawaonyesha wanafunzi wa uuguzi waliokuja mafunzoni, nikijisifu. Akahudhuria Alhamisi mbili baada ya hapo, akikaa peke yake mwisho wa benchi. Ya tatu hakuja. Ya nne nikaweka alama kwenye rejista. Nikadhani amekwenda Mwanza kwa mwanawe, maana ndivyo tunavyodhani siku zote tukiwa na wagonjwa sitini mlangoni. Ilipita miezi mitano tangu niandike ile karatasi.

Aliyenishtua ni mgonjwa mwingine wa kijiji kile, aliyesema tu, kama jambo la kawaida, kwamba Mama Kulwa siku hizi hatoki. Kesho yake nilipanda bodaboda.

Nilimkuta ndani, ameketi kwenye kitanda cha kamba, mchana kweupe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Alikuwa amekonda na midomo imekauka. Juu ya kabati kulikuwa na kopo la majani ya chai, na ndani yake pakiti za dawa, nyingi hazijafunguliwa. Nikampima sukari, ilikuwa juu sana, kiasi cha mtu kutakiwa kulazwa siku ileile. Nikaanza kufoka. Nilifoka kuhusu dawa, kuhusu kliniki, kuhusu mguu niliouhangaikia. Akanisikiliza mpaka nikachoka. Ndipo likanijia swali la Mzee Rajabu.

"Mama, jana ulifanya nini?"

"Nilikaa."

"Na juzi?"

"Nilikaa, nesi. Si ndivyo ulivyoandika?"

Akanieleza pole pole, bila kulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Mzee Mabula aliipokea ile karatasi kwa heshima zote, akaibandika ndani ya daftari la kikundi kwa gundi ya ugali. Msiba uliofuata, jina lake liliposomwa, watu waliitikia kwa niaba yake kwamba amesamehewa na serikali. Mguu ulikuwa umeshapona, akainuka kwenda jikoni, wanawake wakamshika mkono wakamrudisha kwenye mkeka, kwa upendo, wakamwambia asiwatafutie matatizo na muhuri. Msiba wa pili vilevile. Wa tatu katibu akaacha kulisoma jina lake, ili kuokoa muda. Shughuli zote za jamii ni maneno mapana: hata walipokwenda kupalilia kwa zamu hawakumwita, hata kwaya ilipofanya mazoezi. Watu wakienda msibani na ndoo walikuwa wanapita nyuma ya zizi wasimsumbue, naye alikuwa anawasikia. Kulwa kutoka Geita akaipenda ile habari ya mapumziko, akampigia simu mjukuu mkubwa ahamie pale na kumfanyia bibi kila kitu, hata kuchota maji ya kuoga.

Nikamwambia bodaboda iko nje, twende kituoni.

"Nikapone ili nirudi kukaa?" akaniuliza. "Siku yangu ikifika watakuja kunizika, najua. Watakuja kwa huruma. Mimi nilitaka waje kwa sababu ni zamu yangu."

Akasema hatapanda pikipiki mpaka niifute ile karatasi. Nikamweleza kwamba sukari ile inaweza kumlaza asiamke. Akasema amenisikia, na kwamba nilikuwa nimeandika haraka, basi nifute haraka. Sikuwa na namna. Nikamwahidi mbele ya mjukuu wake kwamba Jumapili nitasimama mwenyewe kwenye mkutano wa kikundi. Akaomba kanga yake nzuri, akapanda. Tulimlaza siku tatu, na kila asubuhi nikiingia wodini alikuwa ananikumbusha Jumapili kabla ya kuniambia ameamkaje.

Siku ya pili Kulwa alinipigia. Alikuwa amesikia nilichoahidi kwa Jumapili.

"Nesi, mimi niko huku duarani, chini ya shimo, napumua vumbi ili mama yangu akae," alisema. "Alishabeba vya kutosha. Ukimrudisha jikoni akaungua tena, nitakuja na wenzangu tukuulize."

Sikumlaumu, maana yalikuwa maneno yangu mwenyewe yaliyotoka kwenye mdomo mwingine. Nikamwuliza, kama leo wenzake wakimtoa kwenye duara, wakaambiwa wasimwite tena, si kazini, si kwenye chai, si kwenye msiba wa mwenzao, je, atapumzika? Halafu akasema salio linakwisha.

Jumapili baada ya ibada watu walikaa uani kwa Mzee Mabula. Mzee Mabula ni mtu wa taratibu, mwenye fimbo fupi anayoigonga chini kila hoja inapomalizika. Nikapewa nafasi. Nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi kutoka mkoani na sikuogopa kama siku ile. Nikasema nimekuja kwa sababu nilikosea.

"Serikali imekosea?" akauliza Mzee Mabula.

"Serikali haikuandika, baba. Niliandika mimi."

Nikaeleza kwamba mama aliomba wiki mbili nami nikampa mapumziko ya maisha. Mzee Mabula akafungua daftari, karatasi yangu ikaonekana, imekauka na ugali wake, haibanduki bila kuharibu ukurasa. Akasema lenye muhuri haliondolewi kwa maneno. Wazee wakanong'ona. Kisha akainuka Mama Minza, mwanamke wa makamo ambaye ndiye aliyeshika mwiko tangu Mama Kulwa apumzishwe. Nilidhani anaogopa kunyang'anywa nafasi. Nilimdhania vibaya.

"Sisi hatumkatai," alisema. "Tunaogopa. Akitufia pale jikoni, watasema sisi ndio tuliomuua."

Hilo lilikuwa swali halali kuliko yote niliyoulizwa kazini, na ninyi mtaulizwa pia, kwa hiyo nawaambia nilivyojibu. Nilisema kuhusu moto ninalo la kufanya: avae viatu vya kufunika vidole, akae hatua tatu kutoka kwenye mafiga, asisonge, akague miguu yake jioni na mjukuu amshikie kioo. Kuhusu njaa ninalo: asubuhi ya msiba apewe uji kabla ya watu wote, ameze dawa zake hapo hapo wakimwona. Kuhusu kufa sina jibu, maana hata mimi naweza kuanguka hapa nikiwa naongea. Lakini nilimwona siku chache zilizopita akiwa ndani peke yake, na kwa alivyokuwa, asingefika mavuno. Mama Minza akauliza, sasa kama hasongi, atafanya nini? Mama Kulwa, aliyekuwa ameketi mkekani na wanawake wenzake, akasema atapima unga, maana tangu aondoke wanakula mabuja, madonge ya unga mbichi. Uani wakacheka, na Mama Minza akacheka kuliko wote, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Mzee Mabula akagonga fimbo. Karatasi itajibiwa kwa karatasi: niandike nyingine chini yake, papo hapo, yenye yale yote niliyosema. Nikaandika. Akaiangalia akaniuliza mbona haina muhuri. Nikautoa kwenye mkoba, maana nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Halafu akasema kuna la pili. Kikundi kimepotoshwa kwa miezi mitano, na mwenye kukipotosha kikundi hutozwa faini. Faini yangu ilikuwa kuchota maji kwenye msiba utakaofuata, tangu mwanzo hadi siku ya tatu, na jina langu liingie kwenye daftari kama mwanakikundi mwingine yeyote. Nikamwambia nakaa mbali. Akasema ndiyo maana inaitwa faini.

Filimbi ilipigwa wiki tano baadaye, akiwa amefariki mzee mmoja wa kitongoji cha pili. Mzee Mabula alinipigia simu mwenyewe, nikaomba ruhusa kazini, na niliposema sababu mganga mfawidhi wa wakati ule aliinamisha kichwa juu ya makaratasi nisione anavyocheka. Kutoka kisimani mpaka penye msiba ni mbali na kuna kilima. Ndoo ya kwanza nilijiona kijana. Ya tano shingo ilikuwa imezama mabegani.

Mama Kulwa alikuwa kwenye kigoda, hatua tatu kamili, maana Mama Minza alizipima kwa miguu yake na kuchora mstari ardhini. Alivaa katambuga ambazo fundi wa gulioni alizishonea ngozi mbele. Alikunywa uji, akameza dawa akiwa amezungukwa na wanawake saba wanaomtazama mdomoni, mpaka akawauliza kama wanataka kuonja. Halafu akaanza kazi. Alijua kwa macho sufuria ile inataka maji kiasi gani na unga kiasi gani. Mama Minza alisonga, yeye akaelekeza, na mabuja hayakuonekana. Mimi nilipotua ndoo aliniuliza, mbele ya watu, kama maji hayo ni ya kunawa au ya ugali, maana yana majani. Nikarudi kisimani.

Siku ya tatu katibu alifungua daftari. Alisoma majina kama anavyoyasoma siku zote, bila kupandisha wala kushusha. Alipofika kwake alisita kidogo, kwa sababu ukurasa ule ulikuwa mnene kwa karatasi mbili, kisha akasoma jina lake lote.

"Nipo," akasema Mama Kulwa.

Nilikuwa nimekaa nyuma na ndoo yangu tupu, na nililia. Sikujificha. Msibani hakuna atakayekuuliza mbona unalia, hiyo ni nafuu mojawapo ya msiba.

Sukari yake haikuwa nzuri kila mwezi baada ya hapo, nisiwadanganye. Kidole kimoja cha mguu alikipoteza miaka miwili baadaye. Lakini Alhamisi hakukosa tena, kwa sababu Mama Minza alikuwa anampitia asubuhi na kugonga mlango, na wakaanza kuja wazee wengine wa kijiji kile wakiwa kundi, wanafoka wakikuta foleni. Kulwa alikuja siku ya Krismasi, akamletea buti za machimboni zenye chuma mbele. Nikazikataa, zingemchubua mguu usiosikia. Zipo mlangoni kwake mpaka leo, na kila mgeni anaelezwa mwanawe alizileta za nini.

Sasa ya kazi. Kabla hujampumzisha mtu mzima, muulize jana alifanya nini, na juzi, na unapoandika, andika kwanza anachoweza kuendelea kukifanya, kisha ndipo uandike anachoacha. Andika nani atampitia. Andika tarehe ya mwisho, hata kama ni ya kukisia, hata kama utaiongeza mara tatu. Ugonjwa wao hauishi, hilo tunalijua sote. Mapumziko lazima yawe na mwisho. Bohari haitawaletea kikundi cha kuzikana wala jirani wa kugonga mlango, na mimi nimeona dawa nzuri zikilala kwenye kopo la chai kwa kukosa hivyo viwili. Anayewaambia hiyo siyo kazi ya nesi mleteni kwangu.

Mimi sasa nakaa Nyahanga na binti yangu Neema. Nina presha yangu mwenyewe, kadi yangu iko kwenye mfuko wa plastiki kama za wenzangu, na magoti yananikumbusha kile kilima. Neema ni mtoto mwema. Amenikataza kufagia. Ameleta msichana wa kazi, ameniwekea kiti kizuri barazani, na jirani zake wakija na habari ya msiba anatoka haraka kuwapokea getini, awaambie mama amestaafu, anapumzika. Nimekaa kwenye kiti hicho nikayasikia maneno yangu ya zamani yakisemwa getini kwa sauti ya mwanangu.

Siku mliyoniaga kituoni, mliponipa kitenge na ile saa ya ukutani, Mama Kulwa hakuweza kuja, ila alituma kitu kwa Mama Minza. Sikukifungua mbele yenu. Kilikuwa karatasi ya daftari la shule, iliyoandikwa na mjukuu kwa herufi kubwa, naye mwenyewe amegandamiza kidole gumba chini yake kwa masizi ya sufuria, mara mbili, kwa kuwa alama ya kwanza ilitoka hafifu. Imeandikwa kwamba Nesi Veronika apumzike wiki mbili kwa sababu ya uchovu wa kazi. Tarehe ya kuanza ipo. Tarehe ya kumalizika ipo, na imepigiwa mstari. Chini yake kuna maneno kwamba baada ya hapo arudi kwenye zamu ya maji, nusu ndoo inatosha, na awahi, kwa maana jina litasomwa.

Wiki mbili zimekwisha jana. Asubuhi hii Mzee Mabula amepiga simu kwamba filimbi imepigwa. Neema amesimama mlangoni ananiuliza naenda wapi na ndoo, na mimi nimemwonyesha cheti changu.